Mstari wa Biro

Ciru wangu,

Mmetoka sasa hivi, wewe na Wafula, kwenda kutafuta kufuli la sanduku lako, na kabla hajafika chini mume wangu amerudi mlangoni mara mbili. Mara ya kwanza alisema amesahau mwavuli. Mara ya pili alisema hakusahau kitu, alitaka tu kuniona. Mume wangu! Bado naliandika neno hili polepole, kama mtoto anayemung'unya peremende asitake iishe. Wiki tatu tangu tufunge ndoa, na kila asubuhi naamka hapa Komarock nikidhani nimelala nyumbani kwa mtu mwingine, mwenye bahati kuliko mimi. Halafu nasikia akikoroga chai jikoni, akiimba vibaya, nakumbuka kuwa mwenye bahati ni mimi.

Na kesho asubuhi unapanda basi la Eldoret kwenda chuo kikuu kusomea kemia. Kemia, Ciru! Binti wa muuza barafu wa Pipeline. Nimewaambia watu wa kanisa, nimemwambia muuza mboga, nimemwambia hata kijana aliyekuja kusoma mita ya maji, naye akanipa mkono kwa heshima kama vile mimi ndiye niliyefanya mtihani.

Mambo ya kula, kufua na kufunga mlango sitakuandikia. Umejipikia tangu ukiwa darasa la nne, ukisimama juu ya mtungi wa maji uliopinduliwa ili ufikie jiko. Hayo unayajua kuliko mimi. Nataka kukuandikia habari ya mstari ule wa biro, kwa sababu hadithi unayoijua siyo iliyotokea.

Kumbuka siku ya arusi. Wafula alichukua maikrofoni akasema, "Wengine hupenda macho, wengine hupenda mwendo. Mimi nilipenda mwanamke kwa sababu ya biro." Watu wakacheka kabla hawajajua kinachochekesha. Akaeleza jinsi alivyokuwa kwenye maabara ya shule yenu, mwanafunzi wa kidato cha pili, yaani wewe, akamletea karatasi ya jaribio alilofanya nyumbani, na mstari wa kuanzia ulikuwa umechorwa kwa biro, na wino umepanda karatasi yote ukaifanya zambarau tupu. Akaniita shuleni. Akauliza, "Mama, nani alichora mstari huu?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Umeua jaribio zuri sana." Na hapo, aliwaambia wageni, ndipo moyo wake ulipokwisha kazi.

Wewe ukapiga kelele kutoka meza ya mbele, "Mathe wa biro!" Ukumbi mzima ukaitikia. Nilicheka mpaka machozi yakaharibu poda niliyopakwa kwa saa nzima. Lakini machozi yale, mwanangu, hayakuwa ya kicheko peke yake. Nilikuwa nimesimama nimevaa nyeupe, watu mia wakishangilia kosa langu dogo la kuchekesha, na mimi peke yangu nikijua kwamba halikuwa kosa.

Nilijua kwamba mstari huchorwa kwa penseli. Nilijua tangu kidato cha kwanza. Mwalimu wetu wa kemia alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, na alituimbisha: penseli haipandi, wino hupanda. Nilipenda somo lile, Ciru, hujui nilivyolipenda. Nilipenda kuona tone moja jeusi la wino likipanda karatasi na kuachana na lenyewe, bluu huku, manjano kule, kama watu waliotoka kwenye mlango mmoja kila mmoja akashika njia yake. Kitu safi hupanda kikiwa doa moja hadi mwisho. Mchanganyiko hauwezi. Mchanganyiko njiani hujitaja.

Na ndiyo maana niliogopa.

Tulipokuwa bado Mukuru kwa Njenga, kabla ya kuhamia Pipeline, nilisuka vyondo, vikapu vya mkonge. Hukumbuki vizuri, ulikuwa mdogo, ila utakumbuka mikonge ikining'inia mlangoni na vidole vyangu vikiwa vyekundu. Rangi ile ya mkonge nilinunua kwa Mama Kioko, na vyondo vilipokosa wanunuzi, ilibaki nusu kopo. Tukahama nayo. Nilipoanza barafu za vipakiti, rangi ya chakula pia nilinunua kwa huyo huyo Mama Kioko, kwenye kibanda chake cha viungo na rangi pale sokoni Pipeline. Alikuwa nazo zote mbili, ya chakula upande huu, ya mkonge upande ule, na kila mara aliniambia, "Mama Ciru, hii ya tumboni, ile ya kiondo. Usije ukanikosanisha na Mungu."

Sasa sikiliza. Kulikuwa na siku ya mashindano ya mpira, joto limeshika mabati, watoto wamejaa mlangoni wakitaka nyekundu tu. Rangi ya chakula ilikuwa imekaribia kwisha na barafu zikatoka za waridi hafifu. Mtoto mmoja akaishika, akaitazama kwenye jua, akasema, "Aah, hii imefuliwa." Wenzake wakacheka. Nikaingia ndani. Nikafungua kopo la mkonge. Nikachota kiasi cha kuwekwa kwenye ncha ya kisu, nikatia ndani ya kopo la rangi ya chakula, nikakoroga.

Ilikuwa nyekundu ajabu. Hujawahi kuona wekundu kama ule. Watoto walitoka hata maghorofa ya mbali kuifuata. Na mimi, badala ya kusema ni leo tu, nikatia tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Ndimi zilibaki nyekundu mpaka kesho yake. Kola za sare hazikutakata. Mwalimu wa shule ya msingi akauliza watoto wanakula nini. Na wewe, binti yangu mwenye macho, ukanitazama mezani ukasema, "Mama, rangi ya chakula haikai kwenye ulimi hivyo. Nataka kuipima."

Ulikuwa umefundishwa kromatografia wiki hiyo hiyo. Uliniletea karatasi ya kuchujia uliyopewa shuleni, chupa ya spiriti, na gilasi yetu ile yenye maua. Ukaniomba nikuchoree mstari kwa sababu mkono wangu haupindi. Nikapima sentimita mbili kutoka ukingoni kwa rula. Nikaweka alama za penseli, moja huku, moja kule. Penseli ilikuwa mkononi mwangu, Ciru. Niliiweka chini. Nikachukua biro.

Wino ukapanda, ukameza kila kitu, wewe ukalia. Nikakukumbatia nikisema, "Pole, mama, sikujua." Hilo ndilo neno linaloniuma kuliko yote. Ulinifariji! Ulisema, "Si kosa lako, Mama, hukufika mbali na kemia."

Ningetaka kukuambia kwamba niliishia hapo. Lakini Wafula alikupa karatasi nyingine, na penseli, na akakueleza kwamba jaribio halina maana bila kulinganisha. Akaleta rangi ya chakula kutoka dukani, ukaleta rangi ya mkonge kwa kuwa Mama Kioko huuza zote mbili, na akakutuma nyumbani ukalete rangi ya Mama Kioko jinsi ilivyotoka kwake. Ulikuja mbio, ukapanda ghorofa sita bila kupumua. "Mama, nipe ile ambayo hujaifungua." Ilikuwepo. Ilikuwa kwenye kabati, karatasi yake haijakunjuliwa. Nikachota kutoka kwenye kopo langu, nikaifunga kwenye karatasi, nikasema ndiyo hiyo.

Karatasi haikudanganya. Rangi ya dukani doa moja. Ya mkonge doa moja, chini zaidi. Na ile uliyoiita ya Mama Kioko madoa mawili, moja limelingana na la duka, la pili limelingana na la mkonge kama ndugu pacha. Ukaandika kwa mwandiko wako mzuri: muuzaji huchanganya rangi ya chakula na rangi ya mkonge. Ukashinda kwenye maonyesho ya sayansi, ukaenda mbele, ukashinda tena. Nilikaa kwenye viti vya wazazi nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Pale Pipeline habari haihitaji miguu. Kufikia Jumapili kila mwanamke alijua kwamba Mama Kioko anauzia watoto sumu. Walipita kwenye kibanda chake wakitema mate pembeni. Akahamisha vitu vyake akaenda upande wa mbali wa Mukuru, mahali ambapo hajulikani. Mimi nilimwaga kopo langu chooni, nikatupa rangi ya mkonge, nikaanza kuchemsha maua ya choya kwa ajili ya wekundu, na sijatia tena kitu kisicholiwa katika chakula cha mtu. Nikajiambia imekwisha. Kama vile kumwaga ni sawa na kusema.

Wakati huo huo nilikuwa napendwa. Hilo nalo lazima uelewe, kwa sababu ndilo lililonifunga mdomo. Wafula alianza kuniita shuleni kwa visababu: mara fomu, mara gilasi yetu ya maua imesahaulika maabarani, mara anataka kujua choya huchemshwa kwa muda gani. Mwanamume wa miaka arobaini na miwili, mhudumu wa maabara anayejua asidi zote kwa majina, anajifanya hajui kuchemsha maua! Nilikuwa sijaitwa mrembo tangu nilipokuwa na mimba yako. Nilitembea kutoka shuleni kwenu hadi nyumbani nikiwa sihisi lami. Na kila alipocheka kuhusu biro, niliona kwamba penzi hili limesimama juu ya kitu kile kile nilichopaswa kukiondoa.

Wiki moja baada ya arusi alikuwa anaosha vyombo, wewe umeenda mazoezi ya kwaya. Nikamwambia mgongoni, kwa sababu usoni nisingeweza. Nilisema yote, kuanzia ncha ya kisu hadi pakiti ya kabatini. Akasuuza sahani aliyoishika.

"Mstari nilishuku," akasema.

"Ulishuku nini?"

"Kulikuwa na alama mbili za penseli chini ya wino. Mtu asiyejua kazi hapimi sentimita mbili."

"Na hukuuliza?"

Akageuka, mikono ina povu hadi viwikoni. "Njeri, ningeuliza, ungerudi tena shuleni?"

Nikasema hapana.

"Basi. Mimi nilitaka urudi." Kisha akakaa kwenye stuli, uso umembadilika. "Lakini ile pakiti sikujua. Nilimsaidia mtoto kuandika jina la mtu kwenye karatasi ile. Sikwenda hata siku moja kumwona huyo mama mwenyewe. Mimi ndiye mtu mzima wa maabara, na sikwenda."

Hatukulaumiana. Lakini hatukubembelezana pia. Alisema, "Jumamosi tunakwenda." Nilimpenda zaidi kwa hilo "tuna" kuliko kwa maua yote ya arusi.

Jumamosi tuliyokuambia tunakwenda kuona pazia, hatukwenda kuona pazia.

Mama Kioko amezeeka, Ciru. Kibanda chake sasa ni meza moja. Alinitambua mara moja. "Mama Ciru! Umenona. Huyu ndiye bwana? Karibuni. Siwauzii kitu, najua hamnunui kwangu, nimezoea." Alisema hivyo akitabasamu, na tabasamu lile lilinikata. Nikaanza kusema. Sikusema vizuri, nilirukaruka, Wafula ikabidi anishike kiwiko. Nilipofika kwenye pakiti ya kabatini, mama yule alinyanyua mkono ninyamaze.

Akavuta boksi kutoka chini ya meza. Ndani mlikuwa na vijiko, Ciru. Vijiko zaidi ya kumi, kila kimoja kimefungwa uzi wa rangi yake shingoni: chekundu cha chakula, chekundu cha mkonge, manjano, kijani.

"Unaona hivi?" akasema. "Nilidhani ni kijiko. Miaka hii yote nimejua ni kijiko changu. Nimesema, Mama Kioko, uliteleza siku moja, ukachotea huku ukachotea na kule, ukalisha watoto. Nimevisugua vijiko hivi mpaka vimekonda. Nimetubu kanisani, wewe mwanamke! Nimetubu dhambi yako!"

Watu wakaanza kusimama. Nikasema, "Nisamehe, mama."

"Sikusamehe leo. Leo nimekasirika, niache nikasirike, nimengoja sana." Kisha akamtazama Wafula. "Na wewe mrefu hivi, kazi yako?"

"Mimi ni wa maabara, mama. Nilipaswa kuja nikuulize, sikuja."

"Maabara." Akacheka kwa pua. "Na mimi hapa na chupa zangu ni nani, muuza mitumba?"

Alitupa sharti. Twende soko la zamani, pale alipofukuzwa, nisimame penye kibanda chake cha kale, niseme kwa sauti. Si kwa mtu mmoja mmoja, kwa sauti. Tukaenda siku ile ile, yeye mbele na boksi la vijiko kwapani, mimi nyuma, Wafula akiwa amebeba stuli ili nionekane. Nilipanda juu ya stuli ile. Nikasema jina langu, nikasema la kwake, nikasema rangi ilichanganywa na mkono wangu huu, na watoto walioila ni wenu, na huyu mama hana hatia.

Walinisema. Sitakuficha. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo mtoto wangu alilamba kiondo?" Mwingine akasema, "Na juzi umetupikia pilau ya arusi, mle mlikuwa na nini?" Nilijibu kila mmoja. Nilisema sijui rangi ile iliwafanya nini watoto, na kwamba kutojua huko ndiko ninakobeba. Mama mmoja aliniambia hatanunua tena kwangu hata maji, nikamwambia ana haki. Kisha sauti ya kizee ikatoka nyuma, "Mama Kioko, una bizari?" Wakacheka. Mtu akamwekea meza. Mwingine akaleta mwavuli. Nilishuka kwenye stuli, Ciru, na nakuapia sijawahi kuwa mwepesi hivi, hata siku ya pete. Nilitaka kuimba. Wafula aliimba, vibaya, watu wakamwomba anyamaze.

Mama Kioko hajanisamehe bado. Lakini amerudi kwenye kibanda chake, nami nimekuwa nikimsaidia kupanga chupa kila asubuhi wiki hii, huko ndiko nilikokuwa ulipodhani niko kwa fundi wa nguo. Hasemi nami sana. Jana aliniambia, "Mwambie binti yako jaribio lake lilikuwa la kweli kabisa. Kilichomo ndani alikijua. Aliyekitia, karatasi haisemi. Ya namna hiyo mtu hupelekwa na miguu yake akaulize." Nimekuandikia kama alivyosema kwa sababu sikuweza kulisema vizuri zaidi.

Najua ninachokuondolea. Ushindi ule ndio uliokufanya useme, "Mama, nitasomea hiki." Umejenga jina lako juu yake, na sasa nakuambia kwamba mstari wa mwisho wa kazi yako ni uongo, na aliyeuweka ni mama yako. Lakini tazama pia unachobaki nacho. Karatasi ni yako. Madoa ni yako. Mtoto wa miaka kumi na minne alitazama ndimi za wenzake akashuku kitu ambacho watu wazima walikitazama bila kukiona, akakitenganisha kwenye gilasi ya maua. Uliona nilichokificha! Nilichora wino juu yake, nikakupa kopo la uongo, na bado doa la pili likapanda mahali pake. Nilishindwa na wewe, Ciru, na sijawahi kushindwa kwa fahari kama hii. Ukifika huko, ukiwa na hasira nami, kasirika. Sitakupigia simu kukuharakisha. Mimi mwenyewe nimejifunza wiki hii kwamba msamaha unaochelewa si msamaha mbaya.

Na Wafula usimwite Baba kwa sababu yangu. Mwite Mwalimu kama ulivyozoea, ingawa si mwalimu na huona haya. Amepoteza usingizi kwa ajili ya jina alilokusaidia kuliandika, naye atakuambia mwenyewe akiwa tayari.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii niitie chini ya sweta zako, uikute ukiwa mbali, nami niwe salama huku. Nimeinuka hata kuchagua sweta. Kisha nikajiona, mwanamke mzima, anatafuta tena mahali pa kuficha kitu kabatini. Nimerudi mezani.

Nasikia sauti zenu kwenye ngazi, mnabishana kuhusu kufuli. Nitakupa barua mkononi kabla hujavua viatu. Keti hapa mbele yangu uisome yote, polepole. Sitaondoka kwenda kupika, sitajifanya nina kazi. Ukimaliza niulize unachotaka, nami nitajibu kabla hujalala, na kesho utapanda basi ukimjua mama yako.

Mimi wako, niliyeshindwa na mwanangu na kufurahi,

Mama